Pikipiki ya Mwaka Mzima na Uchafu Usiotoka

Kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba hapa Sumbawanga hupeleka hesabu kwa tajiri wake, na mkataba ukiisha chombo huwa chake. Lisiloandikwa katika makaratasi ya mkataba ni hili: siku hiyo atakabidhiwa pikipiki, au atakabidhiwa kutu?

Uwanda wetu wa Ufipa hauna huruma kwa chombo. Novemba hadi Aprili ni tope, Mei hadi Oktoba ni vumbi. Lami ya kutoka Tunduma imetupunguzia adha, lakini anayekwenda shambani kufuata gunia la mahindi hukutana na udongo ule ule mwekundu. Wekundu huo, kwa taarifa yenu, ni chuma kilichoshika kutu. Na hii ndiyo nchi ambayo wazee wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu yaitwayo malungu. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu moja za milimita, nazo huingia katika kila mwanya. Zikichanganyika na oili inayovuja, kisha zikaokwa na joto la injini, huwa ganda gumu kama tofali. Hapo ndipo sabuni inaposhindwa.

Vijana wengi hulikabili ganda hilo kwa bisibisi, kwa petroli au kwa maji ya betri. Bisibisi huchuna rangi na kuikaribisha kutu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi yetu ya Julai, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko la jirani. Maji ya betri ni asidi. Injini itang'aa siku moja, kisha aluminiamu yake itaendelea kuliwa, tusiseme macho ya mwoshaji.

Dawa ni kulowesha na kusubiri. Injini ipoe kwanza, maana maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua. Ziba mdomo wa ekzosi kwa tambaa. Mwagia maji taratibu bila kusugua, kwa sababu tope kavu likisuguliwa ni msasa. Baada ya robo saa tope la kawaida litatoka lenyewe. Penye oili, maji hayafui dafu: paka mafuta ya taa kwa brashi, mbali na moto, yaache dakika kumi, ndipo ulete sabuni ya mche iliyoyeyushwa katika maji ya vuguvugu, na dodoki.

Mapezi ya injini yanataka mswaki mkuukuu, na hapa msione uvivu. Pikipiki zetu nyingi hupozwa na upepo unaopita kati ya mapezi hayo. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu karibu mita 1,800. Anayepanda kutoka Muze na abiria na mzigo, mapezi yakiwa yamezibwa na tope, ameivisha injini koti la sufi mlimani.

Anayeteremka safu ya Lyambalyamfipa naye ana jambo lake: breki. Mafuta ya taa yasifike huko kabisa. Vumbi lililo ndani ya ngoma lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, lisipulizwe kwa mdomo, kwani viatu vingi vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu.

Kuna uchafu usioonekana, nao kwa maoni yangu ni mbaya kuliko tope. Msimu wa kilimo pikipiki hubeba mbolea. Siku nyingine hubeba samaki wa chumvi kutoka Kasanga. Chumvi hizo huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Suuza fremu na kibebeo siku hiyo hiyo, hata kama chombo kinaonekana safi.

Wapo wanaopaka oili chafu pikipiki nzima kabla ya mvua. Kweli inazuia kutu, lakini vumbi la Mei likifika hunata juu yake, na ganda linazaliwa upya. Wala msiende kuoshea mtoni Lwiche. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na akina mama wanaochota maji chini yako hawana haja na oili yako.

Kwa mwenye kutumia mashine ya maji ya nguvu, asielekeze mdomo wake kwenye beringi za magurudumu wala kichujio cha hewa. Maji yakiingia humo husukuma grisi nje. Cheni ikishakauka itiwe oili safi, matone tu, ukizungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Cheni inayozungushwa na injini hukata vidole.