Jumapili bila magari: Afya isiyo na bei na biashara inayozaliwa pembeni

JUMAPILI ya kwanza na ya tatu ya mwezi, jiji la Kigali, Rwanda, hufunga baadhi ya barabara zake kuu kwa magari kuanzia saa 1:00 asubuhi. Kwa saa tatu hivi lami inakuwa ya watu wanaokimbia, waendesha baiskeli, akinamama na watoto wao. Pembeni huwekwa meza za wahudumu wa afya ambao hupima sukari na shinikizo la damu bila malipo.

Utaratibu huo ulianza Mei 2016 kwa Jumapili moja tu kwa mwezi. Mwaka 2018 zikawa mbili. Lengo lake ni kupunguza maradhi yasiyoambukiza, yale ambayo zamani yaliitwa ya matajiri na ambayo leo yanamkuta hata muuza nyanya sokoni.

Kigali haikubuni jambo hili. Mji wa Bogotá, Colombia, ulianza kufunga barabara Desemba 1974, na siku hizi kila Jumapili na sikukuu zaidi ya kilomita 120 huachiwa watu na baiskeli kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana.

Mfanyabiashara atauliza: nani analipa, na faida iko wapi? Swali hilo lina jibu. Utafiti wa kiuchumi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kuwa Bogotá hutumia kama Dola 6 za Marekani kwa mwaka kwa kila mtumiaji, na kwamba kila Dola moja inayowekezwa huokoa kati ya Dola 3.23 na 4.26 za gharama za matibabu. Ni vitega uchumi vichache vya kilimo vyenye marejesho ya namna hiyo, na havina hofu ya ukame.

Kuna pia biashara ya pembeni. Penye watu wengi wanaotoka jasho panahitajika maji, matunda, juisi na fundi wa kuziba pancha. Njia za Bogotá zina wauzaji wa aina hiyo. Kwa mkulima wa machungwa, matikiti au ndizi anayeishi karibu na mji, hilo ni soko ambalo siku yake inajulikana mapema, hivyo anaweza kupanga uvunaji na usafiri badala ya kubahatisha. Mji wowote unaofikiria kuiga uanze kuzungumza na wachuuzi kabla haujaanza kuwafukuza.

Je, mkulima anayeshika jembe kutwa anahitaji mazoezi ya Jumapili? Pengine hapana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mwenye kupalilia kwa mkono huzimaliza kwa siku moja. Mwenye shida zaidi ni mwenye duka, anayekaa kwenye kiti tangu asubuhi, soda mkononi, na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Hata hivyo, mkulima asijidanganye kwamba jembe linamkinga na kila kitu. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, na chumvi inayomiminwa kwenye mboga haibaguliwi na kazi ya mtu. WHO inashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Tatizo kubwa huja pale mtu anapokuwa tayari ameumwa na anatafuta njia ya mkato.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu wa Loliondo, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa Sh500, bei ambayo hakuna aliyeweza kuilalamikia. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi na wapo wagonjwa waliokufa wakisubiri. Machi mwaka huo mchungaji mwenyewe aliomba watu wapya wasije kwanza hadi msongamano upungue.

Kichumi, Sh500 ilikuwa sehemu ndogo kabisa ya gharama. Mgonjwa alilipa nauli iliyopanda siku hadi siku, chakula cha njiani, mahali pa kulala, na siku za shamba zilizopotea, tena mwezi wa Machi ambapo sehemu nyingi nchini hazina mkono wa kupoteza. Waliovuna ni wenye magari na wauza chakula. Gharama kubwa kuliko zote haikuwa ya fedha: madaktari walilazimika kuwasihi wagonjwa wa UKIMWI na kisukari wasiache dawa zao, kwa kuwa wapo walioziacha wakiamini wamepona.

Sasa mjini kuna tiba nyingine za gharama zaidi. Reiki, iliyoanzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922, hutolewa kwa mtoaji kuweka mikono juu ya mgonjwa au karibu naye, ikidaiwa kupitisha nguvu ya uhai. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 kuhusu Reiki kwa wenye sonona na wasiwasi yalikuta ushahidi hautoshi kusema inasaidia au haisaidii. Mtu kutulia nusu saa akihudumiwa kwa upole ni jambo jema, na mwenye fedha ya ziada hana sababu ya kuzuiwa. Kuuza mbuzi kwa ajili hiyo huku kidonge cha presha kimeisha nyumbani ni hesabu mbaya.

Dawa za asili si za kubezwa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na chini yake lipo baraza linalosajili waganga na dawa zao. Anayetaka kutumia dawa ya mitishamba aulize namba ya usajili kabla ya kutoa fedha, kama anavyouliza lebo ya mbegu kabla ya kununua, kisha amweleze daktari anachokunywa. Mganga anayemwambia mgonjwa wa kisukari aache sindano, hata awe na cheti ukutani, mgonjwa achukue mzigo wake aondoke.