Mashahidi Wanne wa Mwili

Ukifika hospitalini munganga hakupi dawa mara moja. Kwanza anaweka kipimo cha joto kwapani mwako. Anashika mkono wako na kutazama saa. Anatazama kifua chako. Anafunga kitambaa mkononi na kukijaza hewa. Wengine hunung'unika: "Nimetembea tangu alfajiri, nataka sindano. Haya yote ni ya nini?" Wengine hufikiri kwamba kipimo cha joto chenyewe ni dawa, na kile kitambaa kinanyonya damu. Sivyo. Kipimo hakiponyi, wala hakitoi damu. Kazi yake ni kuuliza mwili habari zake.

Unajua desturi ya baraza. Wazee hawakati neno kwa shahidi mmoja, hutaka wawili au watatu. Mwili nao una mashahidi wanne.

1. Joto. Kwapani mwa mtu mwenye afya, joto ni karibu na digrii 36 na nusu mpaka 37 na nusu. Likizidi hapo, ni homa. Lakini joto likishuka mno, hiyo pia ni hatari. Mtoto mchanga aliye chini ya digrii 35 na nusu anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa. Mama, mweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi, mfunike, mlete upesi.

2. Mapigo ya moyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika moja. Wa mtoto hupiga mbio zaidi. Mtu akipoteza damu nyingi, moyo hukimbia, kwa sababu damu iliyobaki ni kidogo nayo inatakiwa kufika mahali pote. Ndiyo sababu munganga hushika mara kwa mara mkono wa mama aliyetoka kuzaa.

3. Pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Tutarudi kwa shahidi huyu.

4. Nguvu ya damu, ambayo wengi huiita tansio. Mwaka 1905 munganga wa Urusi, Nikolai Korotkov, alionyesha namna ya kuisikiliza kwa masikio chini ya kitambaa kilichofungwa mkononi, nasi tunafanya hivyo hata leo. Mama mwenye mimba, usikose kipimo hiki. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, lazima uangaliwe vizuri, hata kama husikii maumivu yo yote. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, au uso ukivimba, usingoje kesho. Baada ya hayo degedege inaweza kuja, na kuua mama pamoja na mtoto.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sipendi kulikumbuka. Nilipokuwa ningali kijana katika kazi hii, mama mmoja alileta mtoto wake wa miezi minane. Siku mbili alikuwa na homa, lakini asubuhi ile hakuwa moto. Wagonjwa walikuwa wengi, na mama alikuwa na haraka ya kurudi shambani. Niliweka mkono wangu juu ya paji la uso wa mtoto, nikasema, "Joto limeshuka, nendeni." Sikuhesabu pumzi. Siku ya tatu walimrudisha, na mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Tulimpa dawa usiku kucha. Kulipokucha alikuwa amekufa. Ulikuwa ugonjwa wa mapafu. Nilikuwa nimesikiliza shahidi mmoja tu.

Tangu siku ile nahesabu kila mtoto mwenye kikohozi au homa. Wewe nawe unaweza, hata nyumbani. Fanya hivi:

Mtoto awe ametulia. Asiwe analia, wala asiwe ananyonya. Inua nguo yake uone kifua na tumbo. Tumia saa yenye mshale wa sekunde, au saa ya simu. Kila tumbo linapoinuka, hesabu moja. Hesabu dakika nzima, usikate nusu, kwa sababu pumzi ya mtoto mdogo haiendi sawasawa. Ukipata namba kubwa, hesabu tena.

Pumzi ni za mbio zikifika:
— mara 60 au zaidi, kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili;
— mara 50 au zaidi, tangu miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka mmoja;
— mara 40 au zaidi, tangu mwaka mmoja mpaka asiyetimiza miaka mitano.

Mtoto wa namna hiyo mlete siku ile ile, hata kama si moto. Na ukiona mbavu za chini zinaingia ndani, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea na haamki, usihesabu tena. Mbebe, uondoke sasa, hata kama ni usiku.

Neno la mwisho ni juu ya fishi yako, yaani karatasi tunamoandika namba hizi. Usiitupe, usiifungie chumvi. Namba ya leo peke yake husema kidogo, lakini namba ya leo kando ya namba ya jana hutuonyesha kama mgonjwa anapanda au anashuka. Kwa hiyo munganga akikuamsha usiku kukupima tena, usikasirike. Moshi huonekana kabla ya moto kula nyumba, naye amekuja kutazama kama kuna moshi.