Mtoto wa Bukavu aliyefika na wimbo wake hadi Brazil



Alhamisi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mwenzetu mmoja alifungua simu yake akatusikilizisha wimbo. Hakukuwa na ngoma nyingi, wala atalaku wa kupiga kelele kama tulivyozoea katika ndombolo. Gitaa moja, sauti laini ya mwanaume, halafu sauti nyingine zikaja juu yake kama korali ndogo. Mama aliyekuwa akichambua sombe akaacha mikono. Akauliza: huyu ni wa wapi? Tukamjibu kwamba ni Lokua Kanza, mtoto wa Kivu.

Alizaliwa Bukavu mwaka 1958, mtoto wa kwanza kati ya watoto 8. Baba yake alikuwa Mmongo, kapiteni wa meli. Mama yake alikuwa Mtutsi kutoka Rwanda. Tuliposema hilo la mwisho, kikundi kikanyamaza.

Hatutaki kukipita kimya kile kama vile hakikuwapo. Katikati yetu kuna mama anayembembeleza mtoto wake kwa Kinyarwanda, na jirani akipita anashusha sauti. Wakati wa kukimbia alilala hema moja na wamama Wahunde, wakagawana blanketi na chumvi. Lakini wimbo bado anauimba chini chini.

Mama mmoja mjane ndiye aliyevunja kimya. Yeye hakuuliza kabila, aliuliza: na yule mama alilea namna gani watoto 8? Basi tukasimulia. Mwaka 1964 familia ilihamia Kinshasa, na maisha yalikuwa mazuri mpaka baba alipokufa. Mjane akalazimika kutoka katika nyumba nzuri, akapeleka watoto katika mtaa wa maskini. Kijana mkubwa akaanza kuimba makanisani ili kusaidia wadogo zake wapate chakula. Wajane wetu walitikisa vichwa. Hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Baadaye alipiga gitaa katika orchestra ya Abeti Masikini, akaenda Abidjan kufanya muziki hotelini, na mwaka 1984 akafika Paris, ambako alisomea jazi. (Sisi walimu tunapenda kukumbusha hapo: alisomea. Kipaji alikuwa nacho, hata hivyo aliketi tena kwenye benchi.)

Jazi ni muziki uliozaliwa kwa watu weusi wa Marekani. Mpigaji anaujua wimbo, lakini katikati anauacha, anatunga papo hapo, kisha anaurudia. Wamama wa Walikale wasishangae. Wazee wa Kinyanga wanaoimba habari za Mwindo hufanya hivyo: hadithi ni moja, lakini kila mwimbaji ana njia yake, na watu wanaitikia.

Kaseti na diski zake ni nyingi. Ile ya kwanza ilitoka mwaka 1993, na Wapi Yo ikafuata mwaka 1995. Mwaka 2004 aliimba pamoja na Richard Bona wa Kameruni na Gérald Toto wa Ufaransa. Anaimba kwa Lingala, Kiswahili, Kifaransa, hata Kireno.

Kireno kinatupeleka Brazil. Mwaka 2005 Gal Costa, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa nchi ile, alirekodi nyimbo ambazo Lokua alitunga pamoja na mshairi Carlos Rennó. Yeye mwenyewe akaenda kuishi Rio de Janeiro. Huko alikuta samba. Alikuta pia berimbau, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, ambao asili yake ni Afrika yetu ya kati. Waliufikisha huko watu waliochukuliwa utumwani kutoka nchi za Kongo na Angola, kwani Brazil haikufuta utumwa mpaka mwaka 1888. Watu wale walipakiwa merini bila kitu mkononi. Nyimbo hazikunyang'anywa. Ndiyo sababu, tunavyosikia sisi, gitaa ya mtoto wa Bukavu haikai kama mgeni kando ya muziki wa Brazil.

Tulizungumza mpaka sombe ikachelewa motoni. Wengine walisema wimbo ni mzuri ila hauchezeki, na kweli, si wa harusi. Mama mmoja alikiri kwamba alimkataza kijana wake gitaa kwa kuona ni kazi ya wazururaji. Hakusema kama atamrudishia.

Tukapatana hivi: Alhamisi ijayo kila mama alete wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, katika lugha aliyoimbiwa na mama yake. Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda, yoyote ile. Tutazirekodi kwa simu, kisha tutazifundisha watoto darasani. Majina 11 yameandikwa tayari. Yule mwenzetu anayeimba chini chini hajaandikisha jina lake, lakini aliuliza tutaanza saa ngapi.

Tutaanza saa nane.