Noti Iliyokosea Ngeli

Mwaka 1975, miaka saba baada ya kupata uhuru kutoka kwa Hispania, Guinea ya Ikweta iliachana na peseta ikachapisha noti mpya. Zilibeba sura ya Rais Francisco Macías Nguema na jina jipya la fedha: ekuele. Noti ya mia iliandikwa 100 ekuele.

Kwa sikio la Mfang, msemaji wa lugha iliyotoa jina hilo, hapo pana kasoro. Ekwele ni kimoja. Vikizidi ni bikwele. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mara mbili, kwani hiyo ndiyo ngeli ya kisu na visu. Kifang nacho ni Kibantu, japo wenyewe wako upande wa pili wa bara: Río Muni (sehemu ya bara ya Guinea ya Ikweta), kaskazini mwa Gabon na kusini mwa Kameruni. Ni kama Benki Kuu ingetoa noti ya "kisu mia".

Undugu huo unajitokeza kila mahali. Mtu ni mot, watu ni bot. Tano ni tan. Mmoja husalimiwa mbolo, wengi mbolani, kama sisi na karibu na karibuni.

Jina lenyewe lilikuwa la zamani kuliko noti. Bikwele vilikuwa vipande vyembamba vya chuma, vimefuliwa mfano wa mkuki mdogo na kufungwa vitita vitita. Havikutumiwa kuwindia mnyama wala kukatia kuni. Kazi yake kubwa ilikuwa mahari: upande wa bwana harusi ulivitoa, upande wa wakwe ukavihesabu.

Kulipeleka neno la mahari benki kulikuwa na uzito wa kisiasa. Katika kila raia watano, wanne hivi ni Wafang, na Macías alikuwa mmoja wao. Lakini mji mkuu wa wakati huo, Malabo, uko kisiwani Bioko kwa Wabubi. Pwani ya bara wapo Wandowe. Na kisiwani Annobón wanasema krioli iliyozaliwa na Kireno. Kwao wote, fedha ya taifa ilikuwa na jina la jirani.

Ajabu ni kwamba Kifang, lugha ya wengi, hakina cheo serikalini. Lugha rasmi ni Kihispania, kisha Kifaransa na Kireno; katiba inazitambua lugha za wenyeji kama sehemu ya utamaduni wa taifa, basi.

Tarehe 3 Agosti 1979 Teodoro Obiang Nguema alimpindua Macías, mjomba wake. Fedha ikabaki, tahajia ikabadilika: noti mpya ziliandikwa bipkwele, wingi ukakaa mahali pake. Haikudumu. Mwaka 1985 nchi iliingia kwenye faranga ya CFA, bipkwele 4 kwa faranga 1.

Noti hizo sasa ni mali ya wakusanyaji. Anayezipanga kwa miaka huiona sarufi ikisahihishwa mezani pake, kutoka ekuele ya 1975 hadi bipkwele ya 1979. Vile vya chuma vimo kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya, vingine bado katika vitita vyake.