Mmea Ndani ya Pampu: Kwa Nini Nyungu Peke Yake Haitoshi

Kila likizo nikirudi nyumbani Nyasura, pale Bunda mjini, naulizwa swali moja. Kwa kuwa nasoma famasia, majirani wanaamini najua siri fulani: "Mwanangu, hivi hakuna dawa ya miti ya pumu tukaachana na hizi steroidi?"

Wanaouliza si wajinga. Wamesikia kwamba steroidi zinavimbisha uso, zinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Wameambiwa pia kwamba pampu "inazoeza", ukianza huachi. Halafu wanaangalia bei ya pampu dukani, wanaangalia mkaratusi nyuma ya nyumba, wanapiga hesabu. Shida ni kwamba wengine wakishapiga hesabu hiyo wanaacha dawa, na pumu haisubiri mtu amalize kujadiliana.

Kwa hiyo naomba tulijadili jambo hili kisomi kidogo, maana hata hapa hosteli mabishano ni yale yale: mti dhidi ya kemikali. Kwa maoni yangu mabishano hayo yamekaa vibaya. Maswali ya kuuliza ni matatu: ni kitu gani hasa, kinafika wapi mwilini, na nani amepima?

Steroidi inafanya nini

Kwenye pumu kuna matatizo mawili kwa wakati mmoja. Misuli inayozunguka njia za hewa inakaza, na ngozi laini ya ndani inavimba na kutoa ute mzito. Pampu ya bluu, yenye salbutamoli, inalegeza misuli. Unavuta, baada ya dakika chache unapumua. Ile ya kahawia, yenye steroidi kama beklometasoni, inatuliza uvimbe, na kazi hiyo inachukua siku hadi wiki. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Bluu wanaiona inafanya kazi, ya kahawia wanaona haina maana, wanaitupa. Uvimbe unabaki, unaendelea kimya kimya, mpaka siku bluu nayo inashindwa.

Yale madhara ya kutisha yanatokana zaidi na vidonge au sindano za steroidi zikitumika kwa muda mrefu. Kidonge cha prednisoloni huwa na miligramu 5, na kinazunguka mwili mzima. Mvuto mmoja wa beklometasoni unaweza kuwa na mikrogramu 100, yaani moja ya kumi ya miligramu, na sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika palepale kwenye mapafu. Dawa hii ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1972, wagonjwa wengi waliweza kupunguza vidonge au kuviacha. Usumbufu unaojulikana zaidi ni fangasi za mdomoni na sauti kukwaruza, ndiyo maana unaambiwa usukutue mdomo kwa maji kila ukimaliza kuvuta.

Mkonge umo humo

Sasa hili huwa linawashangaza watu nyumbani. Miaka ya 1950 steroidi zilikuwa ghali mno, na wanakemia walihangaika kutafuta malighafi. Mexico walitumia viazi vikuu vya porini. Waingereza wakapata hekojenini kwenye maji ya mkonge wa Afrika Mashariki, yale yanayomwagwa baada ya katani kutolewa. Kampuni ya Glaxo ikaitumia kutengeneza kotisoni. Yaani mkonge, mmea ambao kwetu tunauona kwenye mipaka ya mashamba, ni miongoni mwa mimea iliyosaidia kuleta dawa ambayo leo tunaikimbia tukisema ni "kemikali".

Nyungu inafikisha nini

Mwaka 2020 wote tuliishi somo hili. Korona ilipoingia, nchi nzima ilijifunika shuka juu ya sufuria la mkaratusi, mchaichai na tangawizi. Taasisi zetu nazo hazikukaa. NIMR wakatoa NIMRCAF, na watu wa tiba asili wa MUHAS wakatoa Covidol, zote za kunywa. Juni ya mwaka huohuo, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ukaonyesha kwamba deksamethasoni, steroidi ya zamani na ya bei ya chini, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa Korona waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuonyesha faida. Dawa ileile iliokoa wengine na haikuwasaidia wengine, na tofauti hiyo ilijulikana kwa sababu watu walipima.

Simbezi nyungu. Inafungua pua, na mtu mwenye mafua anapata nafuu kweli. Lakini chembe ya dawa, ili ifike chini kwenye mapafu, inatakiwa iwe na upana wa takriban mikromita 1 hadi 5. Unywele wa binadamu una kama 70. Chembe ikiwa kubwa inanasa kooni, ikiwa ndogo sana unaitoa tena ukipumua. Mvuke mwingi wa sufuria unaishia puani na kooni. Tena kinachopanda na mvuke ni mafuta yanayonukia tu. Ile rangi ya manjano kwenye bizari, ambayo maabara nyingi zinaichunguza kwa kutuliza uvimbe, haipandi. Inabaki chini ya sufuria. Na kwa mwenye pumu, harufu kali inaweza kumwamshia shambulio.

Mimea miwili iliyofika mbali

Je, mmea uliwahi kuingia kwenye pampu? Ndiyo. Misri kuna mmea unaitwa Ammi visnaga, ndugu wa karoti na giligilani, uliotumika kwa karne nyingi. Ndani yake kuna khellini. Daktari Roger Altounyan, mzaliwa wa Syria aliyefanya kazi Uingereza na mwenyewe mgonjwa wa pumu, alijaribu kwenye mwili wake kemikali nyingi zilizotokana na khellini. Alikuwa anajivutisha vitu vilivyotoka kwenye manyoya ya simbilisi ili apate shambulio, halafu anapima dawa gani inalizuia. Mwaka 1965 akapata kromoglikati, unga wa kuvuta unaozuia uvimbe na si steroidi. Kwa kuwa alikuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kifaa cha kuvutia unga huo akakiwekea kipangaboi kidogo. Dawa hiyo ni salama sana, ila inavutwa mara nne kwa siku na kwa wagonjwa wengi ni dhaifu kuliko steroidi. Ndiyo maana leo haionekani sana.

Wa pili ni mkaratusi wetu. Ujerumani mwaka 2003 walichapisha utafiti wa wagonjwa 32 waliokuwa wakitegemea vidonge vya steroidi. Nusu walipewa vidonge vya sineoli, mafuta ya mkaratusi yaliyosafishwa, na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 12, waliopata sineoli waliweza kupunguza steroidi kwa asilimia 36, wenzao asilimia 7. Ni utafiti mdogo, tena walimeza, hawakuvuta. Zaidi ya hapo, walipunguza steroidi chini ya uangalizi, hawakuzitupa.

Kazi iliyobaki

Kuna mtu atasema: basi tuweke mafuta hayo kwenye pampu, mambo yaishe. Hapana bwana. Marekani, mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020, zaidi ya watu 2,800 walilazwa na 68 walifariki kwa kuumia mapafu baada ya kuvuta sigara za umeme. Mshukiwa mkuu alikuwa aina ya vitamini E, kitu ambacho watu wanameza na kupaka bila shida. Tumbo linavumilia mengi ambayo pafu halivumilii.

Kwa hiyo njia ni ndefu: kutenga kiini cha mmea, kuhakikisha kila dozi ina kiasi kilekile, kukisaga kufikia mikromita zinazotakiwa, kupima usalama kwenye mapafu, kisha kulinganisha na pampu ya kahawia yenyewe. Sisi hatuanzii sifuri. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianza Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Wanakemia, wahandisi na wanafamasia wanaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, kazi ipo, na haihitaji kusubiri mzungu aje kuchukua maji ya mkonge tena.

Mpaka siku hiyo ifike, kama una pumu, au mama yako, au mwenzako wa chumbani, ile ya kahawia msiiache bila kuongea na daktari. Nyungu mkitaka jifukizeni kwa ajili ya mafua. Na bumu likiingia, pampu iwe kwenye bajeti kabla ya vocha.