KUMWANDIKIA MPIGAJI WA BENDI KARATASI ILIYO WAZI

Katika bendi, iwe ya shule, ya kanisa au ya polisi, mwongozaji ndiye mwenye kitabu chenye sauti zote. Mpiga tarumbeta huona noti za tarumbeta tu. Asichoambiwa na karatasi yake hana njia ya kukijua. Basi anayenakili muziki hana budi kujiuliza: mtu huyu, kwa karatasi hii peke yake, atajuaje wenzake wamefika wapi?

Kwanza ni ufunguo. Mwalimu wa kwaya aliyezoea do, re, mi hujikwaa hapa, kwa kuwa do huhamishwa popote na silabi zisibadilike. Bendi sivyo. Tarumbeta ya kawaida ni ya B-flati. Mpigaji akipiga noti iliyoandikwa C, hutoka B-flati ya kinanda. Kwa hiyo wimbo ambao kinanda huupiga katika F, yeye huandikiwa katika G, hatua moja nzima juu. Jambo hili likisahauliwa, hata mpigaji hodari atapotoka tangu noti ya kwanza, na lawama itamwangukia asiye na hatia.

Pili ni kunyamaza. Anyamazaye vipimo 24, yaani visehemu 24 vitengwavyo kwa mistari ya wima, achorewe alama moja ndefu yenye tarakimu 24 juu yake. Kisha aandikiwe kwa noti ndogo vipimo viwili vya mwisho vya chombo anachokisikia vizuri, ndipo aingie bila kubahatisha.

Tatu, kila wimbo unapogeuka iwekwe herufi A, B, C, zile zile katika karatasi zote. Mwongozaji akisema, "Turudi C," wote hurudi mara moja. Pasipo herufi, kila mmoja huhesabu kwa kidole.

Nne ni nafasi. Mkulima mwema habananishi mahindi. Na noti vivyo hivyo. Tena ukurasa ugeuzwe mpigaji anaponyamaza, maana wakati mwingine mikono yake ina kazi.

Mwishowe, kama karani alinganishavyo nakala na barua yenyewe kabla ya kuipeleka posta, kila karatasi ilinganishwe na kitabu cha mwongozaji, kipimo kwa kipimo. Nusu saa ya mtu mmoja mezani ni nafuu kuliko jioni nzima ya watu 20 waliokuja kwa miguu baada ya kazi.