Gin Fizz ya nyumbani: Usitikise maji ya soda

Unaweza kuwa na jini nzuri na limau la kukamua, lakini Gin Fizz yako ikatoka kama soda iliyoisha gesi. Mara nyingi kosa ni moja tu: maji ya soda yametikiswa pamoja na vitu vingine. Yakitikiswa, gesi yote inatoka, na kifuniko kinaweza kuruka.

Kokteli hii ni ya zamani. Ilikuwemo kwenye kitabu cha Mmarekani Jerry Thomas, toleo la mwaka 1876.

Kwa glasi moja andaa:

• Jini, mililita 50
• Maji ya limau, mililita 25
• Shira ya sukari, mililita 20
• Maji ya soda ya baridi, mililita 80 hivi

Tia jini, limau, shira na barafu kwenye chupa ya mdomo mpana. Funga, tikisa kwa nguvu sekunde 15, mpaka chupa iume vidole kwa baridi. Chuja kwenye glasi iliyotoka friji, kisha malizia na maji ya soda, taratibu. Barafu haiwekwi kwenye glasi, kwa hiyo kila kitu kiwe baridi tangu mwanzo: maji baridi hushika gesi kuliko ya vuguvugu.

Onja. Ikikukunja uso, ongeza shira kidogo. Ikiwa tamu mno, kamua limau.

Ila utamu huo unaficha ukali. Jini nyingi zina kilevi cha asilimia 40, kwa hiyo hesabu glasi zako, na ukinywa usishike usukani.